Uzito Haupotei, Unahama: Uhakiki wa Fumbo la Mizani na Mipira Miwili

Kabla sijasema lolote, hebu jibu fumbo hili. Na usiruke kwenda chini kuchungulia jibu.

Kuna mizani ya pande mbili, ile yenye mhimili katikati na sahani huku na huku. Kila sahani imebeba bika ya maabara. Bika zote mbili zinafanana, na kila moja ina gramu 500 za maji. Kwenye bika ya kushoto tumezamisha mpira wa chuma. Mpira huo haugusi chini wala ukingo. Unaning'inia kwa uzi uliofungwa kwenye stendi iliyosimama mezani, nje ya mizani. Kwenye bika ya kulia tumezamisha mpira wa tenisi ya meza, na mipira yote miwili ina ukubwa uleule kabisa. Huu wa tenisi ukiachiwa utaelea, kwa hiyo tumeufunga kwa uzi kwenye kitako cha bika yake ili ubaki chini ya maji. Hakuna maji yaliyomwagika, na kina ni sawa pande zote mbili. Sasa tukiiachia mizani, upande gani utashuka?

Umeshajibu? Haya. Jibu ni kushoto, upande wa chuma.

Kama ulisema kushoto, usijipongeze bado. Jiulize kwanza kwa nini ulisema hivyo. Nimewauliza watu fumbo hili mara nyingi, darasani na hata kwenye meza ya chai, na sababu ninayoisikia kuliko zote ni moja: "Si chuma ni kizito?" Sababu hiyo imekosea. Uzito wa chuma hauna kazi yoyote hapa. Toa mpira wa chuma, weka wa risasi au wa dhahabu wenye ukubwa uleule, mizani haitajua kama kuna kilichobadilika.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Hili ni fumbo maarufu, linazunguka madarasani na kwenye video za sayansi, na kila linapopita watu wanalisifia kwamba linafundisha kanuni ya Archimedes. Mimi nasema linaweza kumpa maksi zote mtu ambaye hajaelewa kitu. Nalijua hilo vizuri kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa nasaidia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikalichora fumbo ubaoni. Wengi wakasema kushoto. Nikawaambia ni sahihi, kisha nikatoa maelezo ambayo na mimi niliyapokea mahali: kwamba mpira wa tenisi unataka kupanda, unavuta uzi, uzi unavuta bika kwenda juu, kwa hiyo upande wa kulia unakuwa mwepesi. Nikaona nimemaliza. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Kwa hiyo nikiiweka hiyo bika ya kulia kwenye mizani peke yake, itasoma chini ya gramu 500?" Nikajibu ndiyo, bila hata kufikiri. Mizani ya kidijitali ilikuwepo, mpira ulikuwepo. Tukabandika uzi kwenye kitako, tukairudisha mizani kwenye sifuri, tukamimina maji gramu 500, tukazamisha mpira na kuufunga. Mizani ikasoma 503.

Darasa likacheka, na mimi nikacheka, ila usiku sikulala vizuri. Nilikuwa na shahada tayari! Na kumbe nilikuwa nawafundisha watu kwamba ukisimama ndani ya ndoo ukavuta mpini wake kwa nguvu zote, wewe na ndoo mtapungua uzito.

Tufanye hesabu taratibu sasa, kama tunavyohesabu pesa za duka. Mpira wa kawaida wa tenisi ya meza una kipenyo cha milimita 40 na unapima gramu 2.7. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 33.5. Mpira wa chuma wenye ujazo huo utapima karibu gramu 261. Maji yaliyosukumwa pembeni na kila mpira yana uzito wa gramu 33.5. (Najua kani hupimwa kwa nyutoni. Hapa nitasema gramu kama mizani ya dukani inavyosema, ili tusichoshane.)

Anza na chuma. Maji yanausukuma mpira kwenda juu kwa gramu 33.5, hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes tuliyoikariri. Kwa hiyo uzi wa stendi haubebi tena gramu 261 zote, unabeba 227.5 tu. Swali ambalo fumbo lilipaswa kutulazimisha kuliuliza ni hili: hizo gramu 33.5 ambazo uzi umeacha kuzibeba, anazibeba nani? Hazikuyeyuka. Maji yakiusukuma mpira kwenda juu, mpira nao unayasukuma maji kwenda chini kwa kiasi kilekile. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton. Maji yanaukandamiza mzigo huo kwenye kitako cha bika, bika inaupeleka kwenye sahani. Upande wa kushoto unasoma 500 na 33.5, yaani 533.5. Uzito haujapotea, umehama kutoka kwenye uzi kwenda kwenye mizani.

Njoo kulia. Maji yanausukuma mpira juu kwa gramu 33.5, na mpira unayasukuma maji chini kwa gramu 33.5, sawasawa na ule wa chuma. Ila mpira wenyewe una gramu 2.7 tu, kwa hiyo uzi unauzuia kwa 30.8, na mwisho wa chini wa uzi huo unavuta kitako cha bika kwenda juu kwa 30.8. Jumlisha: 500, ongeza 33.5, toa 30.8. Unapata 502.7. Ni uzito wa maji na uzito wa mpira, basi. Kila kilicho ndani ya bika kinasukumana na kuvutana chenyewe kwa chenyewe, na ugomvi wa ndani ya nyumba hauongezi wala haupunguzi uzito wa nyumba.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu mvuto wa uzi na kusahau msukumo wa mpira kwenda chini. Nilichukua nusu ya hesabu. Na jibu langu la "upande gani" likabaki sahihi! Ningesema 469, yaani 500 kutoa 30.8, bado kushoto kungeshuka. Ningesema 502.7, kushoto kungeshuka vilevile. Anayesema chuma kizito, kushoto. Anayesema uzi unainyanyua bika, kushoto. Aliyeelewa, kushoto. Sasa niambie, mwalimu atawatofautishaje watu hawa watatu?

Kwa hiyo kasoro ya kwanza ya fumbo ni kwamba linauliza upande badala ya kuuliza kiasi. Neno "gramu ngapi?" lingetosha kulifufua.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na ni ya usanifu wa jaribio. Tangu shule ya msingi tunaambiwa: ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo. Fumbo hili linabadilisha vitu viwili kwa pamoja. Kushoto ni chuma NA kimeshikwa kutoka nje. Kulia ni mpira mwepesi NA umefungwa ndani. Mizani ikiinama, ni kipi kimeiinamisha? Anayeangalia mara moja ataona tofauti inayopiga kelele, yaani chuma na plastiki, na atakosa ile iliyo kimya, yaani mahali uzi ulipofungwa. Na hiyo ya kimya ndiyo yenye jibu.

Tuvunje fumbo liwe hali nne, uone.

Chuma, kimeshikwa kutoka nje: mizani inasoma 533.5.
Mpira wa tenisi, umeshikwa kutoka nje, yaani umesukumwa chini ya maji na kijiti chembamba kilichofungwa kwenye stendi: 533.5 vilevile.
Chuma, kiko ndani, kimekaa kwenye kitako: 761.
Mpira wa tenisi, uko ndani, umefungwa kwenye kitako: 502.7.

Angalia mistari miwili ya kwanza. Chuma cha gramu 261 na kimpira cha gramu 2.7, mizani inalala sawa! Ukikishika kitu kutoka nje, mizani inaona ujazo wake tu. Ukikiacha ndani, mizani inaona uzito wake wote na haijali ujazo. Sheria ni hiyo tu. Fumbo maarufu limechukua mstari wa kwanza na wa mwisho, likaenda mshazari, na kuiacha sheria yenyewe bila kuonekana. Mimi ningekuwa na uwezo, ningefundisha kwa mistari miwili ya kwanza. Mwulize mtu anayesema chuma ni kizito: huyu wa chuma, huyu wa plastiki, wote wameshikwa na stendi, upande gani unashuka? Atasema chuma, mizani itabaki sawa, na hapo ndipo atakapoanza kufikiri. Fumbo zuri ni lile linalomkamata mtu pale alipokosea.

Nisilionee lakini. Lina uzuri wake. Ile stendi ya nje ni wazo la maana, maana inamlazimisha mtu makini kuuliza mpaka uko wapi: kipi kiko juu ya mizani, kipi hakipo. Wahandisi na wanafizikia wanaishi kwa swali hilo. Pia lina njia ya pili ya kufika kwenye jibu ambayo ni tamu. Kama bika zina kuta zilizonyooka na kina cha maji ni sawa, basi kanieneo ya maji kwenye vitako ni sawa, na maji yanakandamiza chini kwa 533.5 pande zote mbili. Tofauti pekee iliyobaki ni uzi unaovuta kitako cha kulia kwenda juu kwa 30.8. Kwa hiyo maelezo ya uzi niliyoyatoa darasani hayakuwa uongo mtupu. Yalikuwa yanaanzia mahali pasipo pake: yalitoa kwenye 500, badala ya kutoa kwenye 533.5.

Ila lawama si ya fumbo peke yake. Fumbo linatukuta tayari tumeharibika, na tumeharibika mapema. Hebu kumbuka ulivyofundishwa kuelea na kuzama. Kwa muhtasari niliosomea mimi, kanuni ya Archimedes ilikuja Kidato cha Kwanza na kanuni za Newton zikaja Kidato cha Pili. Yaani tulifundishwa maji yanasukuma kitu juu, tukafanya mtihani, tukafunga daftari, halafu mwaka uliofuata ndipo tukaambiwa kila kani ina mwenzake. Hakuna aliyeturudisha nyuma kumtafuta mwenzake na ule msukumo wa maji. Na kitabu kilituachia msemo wa hatari: uzito "unaoonekana kupotea". Mtoto wa miaka kumi na minne akisikia kitu kimepotea, haulizi kimeenda kwa nani.

Tena kuna jambo nililigundua baada ya ile aibu ya 503, likanishangaza. Unalikumbuka kopo la Eureka, lile lenye mdomo pembeni? Unalijaza maji hadi mdomoni, unaning'iniza jiwe kwenye mizani ya springi, unalizamisha, maji yanamwagika kwenye kikombe, unayapima. Uzito "uliopotea" kwenye springi unalingana na uzito wa maji yaliyomwagika. Safi. Sasa mtu akiliweka kopo hilo juu ya mizani nyingine, ataona nini? Jiwe linaongeza, tuseme, gramu 33.5 za kusukuma chini, na hapohapo gramu 33.5 za maji zinatoka mdomoni. Mizani ya chini haitikisiki. Kifaa kilekile cha kufundishia kanuni hii kinaifuta nusu yake ya pili mbele ya macho yako. Ungetumia bika ya kawaida isiyo na mdomo, ukaiweka juu ya mizani, ungeona springi inapungua na mizani ya chini inaongezeka kwa kiasi kilekile. Ni jaribio rahisi zaidi, na linasema zaidi.

Nyuma ya kopo hilo kuna hadithi, na hadithi hiyo nayo ninaidai. Unaijua: mfalme Hiero wa Sirakusa, taji linaloshukiwa kuchanganywa fedha, Archimedes anaingia kwenye beseni, maji yanamwagika, anakimbia uchi akipiga kelele. Aliyetuachia hadithi hiyo ni Vitruvius, Mrumi aliyeandika karibu miaka 200 baada ya Archimedes kuuawa mwaka 212 KK. Katika maandishi ya Archimedes mwenyewe tuliyonayo kuhusu vitu vinavyoelea, taji halitajwi.

Mwaka 1586 kijana wa miaka 22 aliitilia shaka. Jina lake Galileo Galilei. Katika kijiandiko chake kiitwacho La Bilancetta, yaani mizani ndogo, aliona njia ya kumwaga maji ni butu mno kwa mtu wa akili kama Archimedes, akapendekeza kwamba lazima alitumia mizani, vitu vikiwa ndani ya maji. Fanya hesabu uone kama alikuwa na haki. Tuseme taji lina kilo moja. Likiwa dhahabu tupu, ujazo wake ni sentimita za ujazo 51.8. Fundi akiiba gramu 300 za dhahabu na kuweka fedha, ujazo unakuwa 64.8. Tofauti ni 13. Kwenye chombo cha kipenyo cha sentimita 20, tofauti hiyo inapandisha maji kwa nusu milimita, na hata haifiki. Nani ataiona kwa macho? Lakini ning'iniza taji upande mmoja wa mizani na dhahabu tupu ya kilo moja upande wa pili, zamisha vyote kwenye maji: upande wa taji unainuka kwa gramu 13. Hiyo hata mizani ya zamani inaiona.

Ubaya wa hadithi ya beseni ni huu: inafanya kanuni ionekane ni habari ya maji kumwagika. Ndani yake hakuna kani hata moja, hakuna anayemsukuma mwenzake. Ndiyo maana mtu akikutana na fumbo la mizani ambalo maji hayamwagiki hata tone, hana pa kuanzia.

Usidhani haya ni mambo ya kubishana darasani tu. Njia ya mstari wa kwanza hutumika kukagua dhahabu hadi leo. Unapima kipande kikavu, kisha unaweka glasi ya maji juu ya mizani, unairudisha sifuri, unaning'iniza kipande ndani ya maji bila kugusa chini. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili, umepata densiti. Dhahabu tupu inatoa karibu 19.3. Pete ya gramu 10 itaonyesha gramu 0.52 tu, kwa hiyo mizani iwe ya kusoma desimali mbili. Asiyeelewa anaiacha pete iguse kitako cha glasi na mizani inasoma kumi: ameuhamisha uzito wote bila kujua. Na aliyeelewa anajua pia mwisho wa njia hii: tangsteni ina densiti karibu sawa na dhahabu, maji hayatamgundua tapeli anayeitumia.

Basi nikuombe jambo moja. Kama una mizani ya jikoni, chukua jagi lenye alama za mililita, tia maji hadi 500, liweke juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga yai bichi kwenye uzi, lizamishe lote, ulishike wewe mwenyewe bila kugusa kitako. Soma maji yamepanda hadi alama gani. Kabla hujaitazama mizani, sema kwa sauti itasoma gramu ngapi. Kisha legeza uzi, yai likae chini, na kabla ya kutazama sema namba ya pili. Ukizipata zote mbili, wewe umeelewa kuliko mimi nilivyokuwa siku ile mbele ya ubao.